Barua ya malalamiko: santuri ya “toleo halisi 1975” na dawa ya kusafishia vioo

Kwa Meneja Mkuu,
Duka la Santuri,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA NAKALA YA JUZI KAMA TOLEO LA MWAKA 1975, NA KUHARIBIWA USHAHIDI KAUNTANI KWENU

Salamu. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayanukuu. Nimeambatisha stakabadhi mbili. Ya kwanza ni ya shilingi 1,450,000 kwa Lazy Bones!!, albamu ya bendi ya WITCH ya Zambia, ambayo tangazo lenu liliiita “toleo halisi 1975, daraja VG+”, yaani iliyotumika lakini bado katika hali nzuri sana. Ya pili ni ya shilingi 165,000 kwa Africa ya Amanaz, bendi nyingine ya Zambia, toleo jipya la santuri mbili. Naomba fedha ya ile ya kwanza irudi na ya pili ibadilishwe, ndani ya siku 14.

Nianze na kaunta. Tarehe 11 Machi nilimkabidhi kijana wenu santuri ya WITCH ikiwa ndani ya mfuko wake. Aliitoa kwa kiganja kizima, kidole gumba juu ya mifereji inayopitiwa na sindano. Akailaza tupu juu ya kioo cha kaunta, akaipulizia dawa ya kusafishia vioo na kuisugua kwa kitambaa kilekile alichokuwa akifutia kaunta. Akaniambia, “Mzee, santuri ni santuri. Si inaimba?” Halafu akakivuta kile kibandiko cha bei nilichokuja kumwonyesha, akakitupa kwenye ndoo ya taka.

Kibandiko kile ndicho kesi yenyewe. Kilibandikwa nyuma ya jalada, kona ya chini kulia, kikubwa kuliko vibandiko vyenu vingine vyote. Nilikilegeza nusu kwa hewa ya moto ya draya ya nywele, taratibu, ili karatasi ya jalada isichanike. Chini yake kulikuwa na bakodi. Jalada la Zambia la mwaka 1975 lingewekewa bakodi ya nini, na ingesomwa na mashine ipi? Kijana wenu alipokivuta kikavu, kiliondoka na tabaka la juu la karatasi pamoja na bakodi yenyewe. Mkilitazama jalada leo mtaona doa jeupe lenye manyoya. Picha nilizipiga kabla, nne, na tarehe zake zinasomeka.

Hata bila bakodi, mtu yeyote anayeuza santuri za aina hii angeligundua hili kwa dakika tano. Jalada lina pete ya mchubuko, ile alama ya mduara inayotokea santuri ikikaa miaka mingi imebanwa rafuni. Pitisheni ukucha juu yake: hakuna kitu. Karatasi ni laini kote, kwa sababu mchubuko huo umepigwa picha kutoka jalada la mtu mwingine na kuchapwa pamoja na rangi. Iwekeni santuri kwenye mizani ya jikoni: gramu 182. Santuri za kawaida za katikati ya miaka ya 1970 ni nyembamba kuliko hapo. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, viwanda vilibana malighafi. Gramu 180 ni uzito wa matoleo mapya, na wachapaji wake huwa wanajisifia kwa kibandiko mbele ya jalada. Halafu kuna ile pete laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Namba iliyochongwa pale haihusiani kabisa na namba iliyo kwenye lebo, kwa sababu lebo imenakiliwa kutoka santuri ya zamani ilhali sahani mama, ile ya kuchapia mifereji, ni mpya.

Na sauti. Upande wa pili kuna milio mitatu ya mkwaruzo inayofuatana. Tazameni mahali hapo chini ya taa, santuri ikiwa imeinamishwa: mifereji ni safi, haina hata unywele. Mkwaruzo unasikika lakini hauonekani. Maana yake chanzo cha muziki huu si mkanda wa studio. Mtu alicheza santuri iliyochakaa, akairekodi, akaichapa. Kusafisha hakuwezi kuuondoa, maana umo ndani ya muziki wenyewe.

Nisieleweke vibaya. Sina neno na matoleo mapya. Rafu yangu imejaa nayo. Muziki huu wa rock wa Zambia, wenye magitaa ya kukwaruza na sauti za kupaa, ulitoka kwa nakala chache, na bila kuchapwa upya tungekuwa tunausikia kwa kusimuliwa. Toleo jipya lenye leseni linampa mwanamuziki chake, na wenyewe wapo: WITCH walitoa albamu mpya mwaka 2023, na mwimbaji wao Emmanuel “Jagari” Chanda bado anapanda jukwaani. Lakini hii mliyoniuzia haina hata mstari mmoja wa leseni, si kwenye jalada wala kwenye lebo. Si toleo la 1975, na wala si toleo jipya la halali. Ingekuwa halali, ningeilipia bei ya toleo jipya kwa moyo mweupe.

Amanaz sasa. Niliichagua kwa sababu albamu hiyo ilichanganywa sauti mara mbili, moja kavu na nyingine yenye mwangwi mwingi, na toleo la santuri mbili lina zote. Mliituma Morogoro kwa basi ndani ya bahasha ya karatasi ngumu, santuri zikiwa ndani ya jalada. Hilo ni kosa la kwanza: kifurushi kikidondoka, ukingo wa santuri unapasua mshono wa jalada kama kisu, na ndivyo ilivyokuwa, sentimita 11 upande wa chini. Santuri hutolewa kwenye jalada, ikabaki kwenye mfuko wake wa ndani na kuwekwa nyuma ya jalada. Nje yake huja vipande viwili vya boksi, mistari yake ikipishana, kisha boksi lenye nafasi ya sentimita mbili kila kona. Pia huandikwa “simamisha, usilaze”. Yenu ililazwa kwenye buti chini ya mizigo mingine, na joto la buti mnalijua. Ikikaribia nyuzi 60 plastiki hii inalegea, na uzito ulio juu unamalizia. Santuri ya mwangwi imepinda. Kwa mizunguko 33 na theluthi moja, duara moja ni sekunde 1.8, na kila sekunde 1.8 sindano inapanda na kushuka, sauti ikiyumba nayo.

Haya yote niliyaeleza kwa simu tarehe 4 Machi, wiki nzima kabla ya kaunta. Nikaambiwa nitume picha. Nikatuma tisa. Kimya. Tarehe 8 nikaambiwa “njoo nayo mwenyewe”. Kwa hiyo nilipofika sikuwa mgeni wa ghafla, mlikuwa mmeniita.

Narudi kaunta, kwa sababu kuna jambo sijalisema. Kijana alipoinua ile chupa ya dawa nilimwambia asipulize. Nikamwambia mara ya pili, kwa sauti. Wateja watatu waligeuka. Akapuliza. Dawa ya vioo si ya santuri, na kitambaa chenye mchanga wa kaunta ni msasa. Santuri, ikilazimu, husafishwa kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, brashi laini ikifuata mifereji, lebo ikiwa kavu. Yeye alisugua kukatisha mifereji, kutoka lebo kwenda ukingoni, mbele na nyuma. Lebo ikalowa, wino ukatambaa, karatasi ikaota malengelenge mawili. Ukingoni kuna mikwaruzo saba inayong’aa, ambayo haimo kwenye picha yoyote kati ya zile tisa mlizonazo. “Si inaimba?” alisema akiwa bado anasugua. Kibandiko kikaenda kwenye taka. Na hapo, bado mikono yake imelowa, akachukua fomu yenu ya kurudisha bidhaa na kuandika: “Imekataliwa. Imechakaa kwa matumizi ya mteja.”

Ndugu Meneja, uharibifu alioufanya mwenyewe, mbele yangu, ndiyo sababu aliyoiandika ya kukataa. Nakala ya fomu hiyo, yenye mhuri wenu, nimeiambatisha.

Nilipoanza barua hii niliomba siku 14. Baada ya kuandika aya hiyo ya juu, siku 14 ni nyingi mno. Nataka shilingi 1,450,000 ndani ya siku 7 tangu mpokee barua hii, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi Morogoro. Nataka Amanaz mpya iliyofungwa kama nilivyoeleza, na kabla ya kufungwa ichezwe pande zote nne mbele ya mtu anayejua kusikiliza. Ile fomu ifutwe kwa maandishi. Tangazo la “toleo halisi 1975” liondolewe leo. Nimeliona jana bado lipo, maana yake mnayo nakala nyingine. Na kila aliyeuziwa mojawapo apigiwe simu na kuambiwa alichonunua.

Santuri yenyewe sitaileta tena kwenye kaunta ile. Ipo kwangu, ndani ya mfuko mpya, pamoja na jalada lake lenye doa jeupe. Siku ya nane, bila jibu, itakwenda Tume ya Ushindani kama bidhaa bandia, na nakala ya barua hii itakwenda COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, ambako mtaulizwa leseni ya kuchapa kazi ya WITCH mliipata kwa nani.

Wenu mteja,
Morogoro

Viambatisho: stakabadhi 2, picha 13, nakala ya fomu ya tarehe 11 Machi.