Barua kwa binti yangu: usingizi wa mabwana

Bagamoyo

Mwanangu mpendwa,

Marahaba kwa shikamoo yako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, linalomsumbua kila mvua inapokaribia. Nimechelewa kukujibu lile ulilolisema barazani usiku wa Idi, kwamba dini ndiyo balaa kubwa kuliko yote yaliyowahi kumfika binadamu, na najua ulichukizwa nilipobaki kimya huku baba yako mdogo akiinuka na kuondoka, kahawa yake ikiwa nusu kikombe. Neno lile nililisema mimi pia nilipokuwa na umri kama wako. Baba yangu alinijibu kwa kuninyima salamu muda wa mwezi mzima, na sikujifunza kitu, ndiyo maana nimeona heri nichukue kalamu.

Nitakujibu kwa mji wetu huu, kwa kuwa mambo ya mbali ni rahisi kuyahukumu. Watu waliotekwa pande za Manyema na maziwa makuu waliteremshwa mpaka hapa Bagamoyo, wengi wakiwa wamebebeshwa pembe za ndovu, kisha wakavushwa kwenda Unguja kuuzwa. Wengi wa waliowauza walikuwa wakiswali swala tano. Na usidhani kwamba upande wa pili ulikuwa safi: mwaka 1452 Papa Nicholas V alimpa mfalme wa Ureno hati ya kuwatia utumwani watu wasiokuwa Wakristo, na ngome ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593 waliipa jina la Yesu, mizinga ikiwa imeelekezwa baharini. Hadi hapo naona tuko pamoja.

Tunapoachana ni pale unaposema kwamba dini ndiyo iliyowatuma. Walitumwa na pembe, na karafuu za Unguja na Pemba zilizohitaji mikono ya kuzichuma, na miwa ya mashamba ya Wafaransa katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Dini iliwafanyia jambo jingine, ambalo pengine ni baya zaidi kuliko kutuma: iliwawezesha kulala usingizi. Sura ya Al-Balad inamtaja mwenye kumwacha huru mtumwa kuwa ndiye aliyeipanda njia ngumu ya mlimani, na bwana aliyeisoma sura hiyo alfajiri aliamka kwenye msala wake, akaenda kuhesabu watu wake, wala moyo haukumwenda mbio. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba waliofungwa ni makafiri, kwamba anawaleta kwenye nuru, na kwamba siku akimwacha huru mmoja wao atapata thawabu. Hilo ndilo shtaka langu mimi juu ya dini, na mbele ya Mungu sina haja ya kulificha.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walihamia hapa mwaka 1868, kwa idhini ya Sultani Majid, wakawa wakiwakomboa watoto kwa fedha za michango ya waumini wa Ulaya. Unaukumbuka ule mnyororo uliomezwa na mbuyu wa misheni, ambao ulipokuwa mdogo uliugusa kwa kidole ukauliza kama mbuyu hausikii maumivu? Wazee husema ulikuwa wa kumfungia punda tu, ingawa wageni hupenda kuusimamia kwa huzuni wakidhani ni wa watumwa. Wakombolewa wale waliamshwa kwa kengele na kulazwa kwa kengele, wakapangiwa mashamba na wake, na waliokaidi waliadhibiwa, hata baadhi yao wakatoroka. Nimewahi kujiuliza ni uhuru gani huo ambao mtu anautoroka usiku. Lakini hao hao walifundishwa kusoma na ufundi wa kujitegemea, na hakuna aliyeweza tena kuwauza. Bibi yangu mzaa mama alitoka katika ukoo huo. Nilipomuuliza kabila lake alicheka, akasema kabila lake ni misheni, kwa kuwa waliokuwa wakiyajua mengine walikufa bila kuyasema.

Kwa upande wa Unguja utaambiwa habari za kanisa la Mkunazini, ambalo Askofu Edward Steere alilijenga mahali palipokuwa soko la watumwa. Ni habari ya kweli na ni nzuri. Ila usisahau kwamba soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini baada ya kutishiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza, na kwamba utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali huko mpaka mwaka 1897. Sala peke yake haikulifunga soko lile.

Anayenisumbua katika hoja yako ni mtu mwingine. Yahya bin Abdallah alitekwa akiwa mtoto mashariki mwa Kongo, akaletwa hapa, akawa mtumwa. Wakati huo waungwana wa mji waliiona elimu ya dini kuwa mali ya nasaba zao. Yeye akaisoma, akawa mwalimu, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa Qadiriya, tarika ya Waislamu wanaokusanyika kwa dhikri za kumtaja Mungu, na wakati alipofariki mwaka 1931 hapakuwa na sheikh aliyemzidi heshima katika Bagamoyo nzima. Ndiye huyu Sheikh Ramiya tunayemfanyia ziara. Katika dhikri zake waliosimama bega kwa bega walikuwa waliotoka bara, waliokuwa watumwa, wasio na ukoo wa kutaja. Kitabu alikuwa nacho kile kile ambacho mabwana walikuwa wakilalia. Niambie, mwanangu, ungemwondolea dini mtu yule, ungempa nini siku ile, katika mji ule, ambacho bwana wake angelazimika kukiheshimu?

Ulinitajia mauaji ya kimbari ya Rwanda, na hapo sitajifanya kuwa na jibu jepesi. Mwezi Aprili mwaka 1994, huko Nyange, watu waliokimbilia kanisani wakitumaini ulinzi waliangushiwa jengo kwa tingatinga, na padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na ile mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha: miaka 15 mwaka 2006, kisha kifungo cha maisha katika rufaa ya mwaka 2008. Katika wiki hizo hizo, Gisenyi, Felicitas Niyitegeka, Mkatoliki aliyeyatoa maisha yake kwa kazi ya Kanisa, aliwaficha Watutsi na kuwavusha mpakani, na kaka yake, aliyekuwa kanali jeshini, alipotaka kumwokoa peke yake alikataa kuwaacha aliowahifadhi, akauawa pamoja nao. Na Waislamu wa huko, ambao Wanyarwanda waliwaita Waswahili kwa dharau kidogo, wengi wao waliwafungulia majirani milango, ingawa wapo pia walioshiriki kuua. Nimelifikiria sana hilo. Kanisa lilikuwa limeketi meza moja na watawala tangu enzi za Wabelgiji; Waislamu walikuwa wamewekwa kando, hawana cha kulinda isipokuwa majirani. Naona dini inapopewa kiti karibu na serikali ndipo usingizi ule ninaousema unapoingia, na hili nawaambia hata masheikh wetu wanaopenda kupigwa picha na wakubwa, nao hawanipendi kwa hilo.

Sasa nikueleze kwa nini baba yako mdogo aliondoka barazani. Bibi alipofariki mimi nilikuwa kidato cha pili na yeye alikuwa na miaka tisa. Bibi alikuwa amesilimu alipoolewa na babu, lakini rozari yake ilikutwa chini ya mto. Basi wanaume wakagawanyika uani kwetu, wa msikiti upande huu na wa parokia upande ule, wakabishana tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri ikapita. Jeneza la msikiti liliegemezwa kwenye mwembe, na sanduku la fundi wa parokia liliwekwa juu ya vigoda viwili, kuku wakipita chini yake. Mwishowe shangazi alitoka ndani, mikono ikiwa bado imelowa, akasema kwamba wanawake wa pande zote mbili wamekwisha kumwosha pamoja, kwa hiyo wakimaliza maneno yao waje wamchukue. Alizikwa kwa sanda, na katekista mmoja mzee aliyekuwa binamu yake akashika jembe pamoja na wengine bila kusema kitu.

Rozari haikuonekana tena siku ile. Ilikuwa mfukoni mwa kaptura ya baba yako mdogo, na mpaka leo, pamoja na kofia yake na safu yake ya kwanza msikitini, anaihifadhi katika kopo la majani ya chai juu ya kabati. Ukija likizo nenda kwake kwanza kabla hujaja kwangu, umkute akinywa kahawa, umwombe akuonyeshe. Usimwambie kwamba ni mimi niliyekuambia.

Wako akupendaye,
Baba