Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kompyuta Imeingia Chumba cha Endoskopi

Wanachama wenzangu, madaktari, masista, maafisa wa kliniki na nyinyi mnaoosha skopu, ile mirija yenye kamera ya kuangalia ndani ya tumbo, karibuni Kisumu. Mambo ya pesa mweka hazina ataeleza mwenyewe, mimi nitasema tu michango imeingia vizuri na hatuna deni.

Mwaka huu karibu kila kikao kiliishia kwa hii stori ya kompyuta kusoma picha za tumbo, kwa hivyo wacha niiseme yote leo. Hiyo programu imeonyeshwa maelfu ya picha ambazo madaktari wametia alama, ikajifunza polipu, kile kinyama kinachoota ndani ya utumbo, inakaa aje, rangi yake, mshipa wake, halafu ukiwa unavuta skopu polepole inakuwekea kaboksi kwa skrini, ati hebu angalia hapa. Marekani waliruhusu ya kwanza ya kolonoskopi, yaani kuangalia utumbo mpana kwa skopu, inaitwa GI Genius, Aprili 2021. Na inasaidia kweli, kuna utafiti wa Uchina ulitoka 2019 ambapo wagonjwa waliopatikana na adenoma, polipu ya aina inayoweza kugeuka kansa, walikuwa 29.1% kwa upande wa kompyuta na 20.3% kwa upande usio na kompyuta. Kamera ya kumeza nayo inapiga kama picha 50,000 kwa saa nane, ni nani ana macho ya kukaa na hizo zote bila msaada?

Lakini jamani, hizo programu nyingi zimefundishwa polipu za utumbo mpana, na za wagonjwa wa mbali. Sisi huku shida yetu kubwa ni kansa ya umio, ile njia ya kupitisha chakula kutoka koo hadi tumbo. Mnajua wenyewe, mtu anatoka Bomet au Bungoma akifika ugali ulishakataa kushuka zamani, sasa ni uji tu, na ukiingiza skopu hata haipiti, hapo kompyuta ya nini? Hii kansa inafuata ukanda wa Afrika mashariki kutoka Ethiopia mpaka kusini, sisi tuko ndani yake, na wengine wanaokuja hawajafika hata miaka 30, hilo linaniuma sana.

Kompyuta tunaihitaji mapema kuliko hapo, wakati ni baka dogo tu bapa ambalo rangi haijabadilika sana na jicho lililochoka linapita tu. Ukipuliza Lugol, ile dawa ya iodini, ukuta wenye afya unakuwa kahawia kwa sababu una glikojeni, aina ya sukari, pale pabaya panabaki peupe, na hicho ni kitu picha inaweza kufundisha. Japani na Uchina wameshafundisha programu za umio, sawa, lakini kwa skopu zao mpya. Lenzi yetu ikiwa na ukungu, povu na mabaki ya chakula yamejaa, kompyuta itapiga kelele pasipo na kitu na inyamaze penye kitu.

Ndio maana nawaomba tuanze kuweka picha zetu. Wanorwe walianza na picha za kawaida tu za hospitali, wakafika HyperKvasir, mkusanyo wa 2020 wenye picha zaidi ya 110,000, wakaachilia watu wote watumie. Sisi tuanze kidogo lakini vizuri. Kila picha iende na jibu la biopsi, yaani kile kinyama kilichokatwa kikapimwa maabara, picha bila jibu haimfundishi mtu. Na tafadhali msihifadhi za ugonjwa peke yake, umio usio na ugonjwa pia upigwe, la sivyo kompyuta itajua aje kitu cha kawaida? Mgonjwa aulizwe kwanza, na jina lake na namba pale kwa kona ya picha vifutwe, sheria ya kulinda data ya 2019 haichezi.

Jambo lingine ni la wanafunzi wetu. Poland mwaka wa 2025 walipima madaktari wazoefu walioanza kutumia kompyuta, wakifanya kolonoskopi bila hiyo kompyuta wagonjwa waliopatikana na adenoma wakashuka kutoka 28.4% kabla ya kuizoea hadi 22.4% baadaye. Hao ni wazoefu! Kwa hivyo msimamo wangu ni kwamba anayejifunza ashike skopu kwa macho yake kwanza mpaka aive, kaboksi kaje baadaye, na najua wengine hamtakubali, tutaijadili baada ya chai.

Kamati ya picha tunaichagua leo, nataka sista mmoja na mtu wa maabara wawe ndani juu wao ndio wanajua majibu ya biopsi hupotelea wapi. Majina mpeeni katibu kabla ya lanchi, na wa Kakamega na Nakuru mtuambie mashine zenu zinahifadhi picha kwa mtindo gani.