Shukrani kwa waliotuvusha Nova Scotia kwa gurudumu moja

Kwenu nyote mlioandaa mbio za Ride the Lobster huko Nova Scotia, Kanada, Juni 2008: ahsanteni sana. Kilomita 800, Yarmouth hadi Baddeck, kwa kupokezana, kwa baiskeli za gurudumu moja! Mlithubutu jambo ambalo wengi wasingelifikiria kabisa.

Baiskeli hii haina friwili. Pedali imeshikana na gurudumu, kwa hiyo hata kwenye mteremko miguu haipumziki. Gurudumu la inchi 36, ambalo ni kubwa kweli, hukusogeza pungufu ya mita tatu kwa kila mzunguko. Hesabu mwenyewe mpaka zitimie hizo 800! Bila gari la msaada, maji na watu wa kuangalia magari barabarani, safari haiendi.

Na wewe ndugu wa koti la njano uliyenipa bega lako nishikilie nikapanda tena, ukanipa maji na ndizi, kisha ukarudi kuelekeza magari. Sikuwahi kukuuliza jina. Mungu akubariki sana. Ukisoma haya, nifikishie salamu kwa wenzako wote.