Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, pamoja na maelezo ya ile hela ya vitamini C

Assalaam aleikum wanachama wenzangu, na hamjambo wauguzi, matabibu, wafamasia na wahudumu wa afya ya jamii wote wa Malindi, mpaka nyie wa Mambrui na Gede.

Mambo ya kawaida mnayajua sitawachosha nayo. Damu tulichangia, shule tulizunguka kufundisha kunawa mikono, Ramadhani futari ilifika wodini, na wenzetu waliofiwa tulisimama nao. Nashukuru waliojitoa.

Ila mahudhurio jamani yanatia uchungu. Tuko 64, mkutano wa mwezi wa kumi tulikuja 19, na wengine wakaondoka kabla ya ajenda ya pili. Ada ni 300 tu kwa mwezi, waliomaliza mwaka ni 26, madeni yaliyoko nje yanakaribia laki moja. Mfuko wa dharura ulikuwa na 85,000, zimetumika 62,000, zimebaki 23,000. Na wanaolalamika sana kuhusu hizo 62,000 wengi wao hawajalipa, nasema wazi kwa sababu daftari la mweka hazina liko wazi.

Sasa hiyo 62,000. Mnajua kulikuwa na pendekezo tununue vichupa vya vitamini C na thiamini (vitamini B1) tuweke akiba, ili mwanachama au mtu wake akishikwa na sepsisi, yale maambukizi yanayosambaa mwilini mpaka presha inaporomoka na figo zinagoma, tuwe na kitu cha kumpelekea daktari. Kamati ilikataa, nami ndiye niliyesimama kidete, kisha hela tukanunulia mashine za presha na oksimita za kupimia oksijeni mwilini, na nyingine tukatenga za gari la rufaa. Tangu hapo nimeitwa mbishi, nimeambiwa ati nanyima watu dawa. Naomba mnisikilize.

Habari ya vitamini C haikutoka hewani. Mwaka 2017 Dkt Paul Marik na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 47 waliopewa vitamini C gramu 1.5 kila saa sita, haidrokotizoni (dawa ya jamii ya steroidi) na thiamini, wakafa asilimia 8.5, na wengine 47 wa kabla yao waliotibiwa bila mchanganyiko huo wakafa asilimia 40.4. Nani asingefurahi, hata mimi nilifurahi. Lakini ilikuwa hospitali moja, wagonjwa wachache, na waliolinganishwa ni wa miezi tofauti, hakukupigwa kura nani apate nani akose.

Walipogawa wagonjwa kwa kura mambo yakageuka. Januari 2020 ukatoka utafiti wa Australia, New Zealand na Brazil, wagonjwa 216, nusu mchanganyiko kamili nusu haidrokotizoni peke yake, hakuna kundi lililotoka kwenye dawa za kupandisha presha mapema kuliko lingine. 2021 Marekani wagonjwa 501, hakuna faida. Halafu 2022 ule unaoitwa LOVIT, wagonjwa 872 wa ICU, yaani wodi ya mahututi, vitamini C peke yake, na waliopewa vitamini ndio waliofanya vibaya zaidi, waliokufa au viungo kubaki vimegoma hadi siku ya 28 ni asilimia 44.5 dhidi ya 38.5. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 ulishapendekeza isitumike. Na dozi kubwa ya vitamini C inaweza kuidanganya mashine ya sukari ikasoma juu, mtu akadungwa insulini asiyoihitaji. Hayo niliyasoma mwenyewe usiku baada ya zamu, hakuna aliyenituma.

Haidrokotizoni ni habari nyingine, msichanganye. Mgonjwa ambaye presha haisimami bila noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, mwongozo unakubali apewe miligramu 200 kwa siku, na utafiti mkubwa wa 2018 uliona shoki, yaani presha kuporomoka, inaisha haraka zaidi ingawa vifo havikupungua. Hiyo daktari anaijua, si ya kubebwa mkobani.

Kuna mzee wetu mmoja namheshimu sana alisema vitamini haiwezi kumdhuru mtu. Mzee wangu, hapa hapa Kilifi tulishafunzwa. Ule utafiti wa watoto wenye homa kali, Kenya, Uganda na Tanzania, 2011, watoto 3,141, kila mtu alijua dripu ya haraka ndiyo uhai, kumbe ndani ya saa 48 waliopigwa dripu hiyo walikufa kama asilimia 10.5 na wasiopigwa asilimia 7.3. Dripu ya maji na chumvi tu hiyo.

Kinachookoa ni kumtambua mapema na antibayotiki ndani ya saa moja shoki ikishukiwa. Ndiyo maana ya mashine za presha, ndiyo maana ya gari. Na kwa dada yetu aliyefiwa na mama mkwe wake, nilikuja matangani na nasema tena hapa, hakuna kichupa tulichomnyima ambacho kingemrudisha, na anayemnong'oneza vinginevyo anamuongezea jeraha.

Mwaka ujao Inshallah tunatarajia mafunzo ya sepsisi kwa wahudumu wa vijijini, pengine tupate mfadhili, na labda oksimita nyingine hela ikiruhusu. Madeni yalipwe kabla ya mkutano mkuu. Uchaguzi ni ajenda ya mwisho, na nafasi ya mwenyekiti naigombea tena.