Ukurasa wenu wa bustani haujui mawe ya Goma

Ndugu mhariri,

Miye niko musomaji wenu wa siku mingi na leo njo mara ya kwanza naandika, juu ile ukurasa ya bustani ya juma lililopita imenichekesha kisha ikanikasirisha. Munaambia batu bachimbe na jembe mpaka sentimeta 30, bachanganye udongo na samadi, bapande. Sasa huyo mwandishi wenu alifika Goma lini? Sisi tunakaa huku Kongo, pale moto wa volkano Nyiragongo ulipita tarehe 17 Januari 2002, chini ni jiwe, na chini ya jiwe ni jiwe ingine. Hiyo sentimeta 30 mutu anaitafutaka na baramina (mutaimbo), akiisha kuipata anajenga nayo ukuta wa parseli (kiwanja), hapandi karoti.

Na bado tunakula mboga zetu. Yangu inaota ndani ya saki (gunia), zile saki kubwa zenye makala (makaa) inakujaka ndani, niko nazo saba zimejipanga pembeni ya ukuta wa jikoni. Unachukua kopo la maziwa lenye halina matako, unalisimamisha katikati ya saki, ndani unajaza vijiwe vile vyepesi vya volkano (hivyo Mungu alitupa bila kuhesabu), pembeni unajaza udongo, kisha unavuta kopo juu kidogo, unajaza tena, unavuta tena, mpaka saki inasimama na nguzo ya vijiwe katikati. Njo pale maji inashukia, bila hivyo juu kunalowa na chini kunabaki kavu kama unga. Halafu unatoboa matundu pembeni na unachomeka miche, matembele inashuka kwa ubavu, lengalenga (mchicha) inakaa juu. Udongo tunanunua. Inakuja kwa chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kusukuma), muuzaji anaapa ni udongo mweusi wa Kibumba, ukimwaga unakuta nusu ni changarawe, na yeye ameisha kufika kwa kona. Mbolea ni ya dende (kobayi, kale kanyama kadogo ka kufuga) na sungura, niko na dende kumi na moja chini ya kitanda cha batoto na bananilipa vizuri kuliko kazi ya bwana yangu, lakini hiyo musiandike.

Ile kalenda sasa. Munasema tungoje masika ya mwezi wa tatu. Hiyo ni kalenda ya Dar es Salaam! Huku kwetu mvua inarudi mwezi wa kenda (wa tisa), inapumuzika kidogo kuanzia mwisho wa mwaka, inarudi tena mpaka mwezi wa tano, na kipwa chetu (kiangazi) ni mwezi wa sita, wa saba na wa munane. Mutu mwenye atangoja mwezi wa tatu hatakosa kitu, ni kweli, lakini mavuno ya mwezi wa kumi atakuwa ameisha kuyapoteza. Na kipwa njo inatuua, juu lava (hilo jiwe la volkano) haishike maji, unamwaga bidoni (dumu) ya lita 20 na kesho udongo unakuangalia kama haukujui. Miye namwagia maji yenye nimeoshea mboga na muchele, ya sabuni hapana. Kuko na kitu ingine kalenda yenu haitakuwa nacho hata siku moja: kama volkano inatoa moshi mingi na mvua inanyesha ndani ya ule moshi, majani inatoka na madoa kama mutu ameichoma na sigara. Uliza bakulima ba upande wa Rusayo. Siku kama hizo nafunika saki na shitingi (turubai), hata kama majirani banacheka.

Kuvuna, hapo nakasirika na bamama benzangu pia. Lengalenga musiing'oe! Kwa soko nayionaka imefungwa na mizizi yote, udongo bado unaning'inia, mutu ametupa mboga ya miezi miwili juu ya supu ya siku moja. Ukipanda, kama kisha majuma matatu ao mane hivi mutu anaweza kuanza. Kata kichwa asubuhi mbele ya jua, acha vifundo viwili ao vitatu chini, pale ulipokata inatoa matawi mapya na juma linalofuata unarudia. Ikianza kutoa maua, majani inakuwa migumu, kata maua yote lakini mumea mumoja uuache uzeeke. Ukikauka unaupikicha ndani ya mikono juu ya sinia, unapuliza pole pole, makapi inaenda na mbegu inabaki, nyeusi, inang'aa, ndogo kama chembe ya chumvi. Usipulize kama unawasha mbabula (jiko la makaa), miye niliisha kupoteza mwaka muzima hivyo.

Nasema mbegu juu mradi mumoja, jina siliweki, ulitupatia pakiti za shu (kabichi), karoti na betrave (bitiruti) na picha muzuri juu yake. Tulipanda parseli kumi na ine, hakuna hata moja iliota. Tarehe ya pakiti ilikuwa imefutwa na kidole. Lakini picha balipiga, na tishati yao ningali nayo, napangusia meza.

Mapishi yenu sisemi mingi. Lengalenga muliyosema kuchemsha dakika 30, sasa mutakula nini? Osha mara tatu, juu mchanga wa volkano unalia kwa meno, tia kitunguu na puaro (liki) ndani ya mafuta ya ngazi (mawese), tomati moja, sambaza kavu (vile visamaki vidogo vya ziwa) kama pochi inaruhusu, kisha majani bila maji, yako na maji yake, dakika kumi imetosha, bugali iko inangoja. Mama mukwe wangu anamwagaka hayo maji ya kwanza ya majani, miye simwage, tunagombana hiyo maneno tangu harusi. Kwa sombe (kisamvu, majani ya muhogo), pale njo mungesema muchemshe sana, na hamukusema. Sombe iko na sumu yake, unatwanga vizuri, unachemsha mbele bila kifuniko mvuke utoke, na mafuta inaingia nyuma. Siku hizi tunapeleka kwa mashini na batoto ba leo hawajui kinu, lakini mashini haitoe sumu yote, wakati wa moto ni ule ule. Ile ya kuweka kila kitu pamoja ndani ya sufuria tangu mwanzo juu makala iko bei, naielewa, nilikuwa naifanya, niliacha.

Basi naomba kitu moja. Hiyo ukurasa muipatie mutu mwenye anaishi huku, ao huyo mwandishi wenu apite kwangu mwezi wa munane, mbele ya mvua. Nitamuonyesha saki zote saba na nitamupatia mbegu za lengalenga bure. Aje na karatasi yake ya kufungia, na baramina kama anapenda kutafuta ile sentimeta 30.

Mama wa saki saba,
Goma