Meza Nane na Nta Kilo Mbili

Ng'ambo, Tabora

Mwanangu,

Mwangaluka, mama. Hapa nyumbani hatujambo. Goti la baba yako limeanza kumsumbua tena tangu mvua za kwanza ziliponyesha, na bado anadandia bodaboda kama kijana.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilisimamisha cherehani ili niisikie vizuri ile bei. Laki nne na nusu! Kupamba meza nane za watu sitini kwenye sherehe ya mahafali yako, halafu usiku uleule mpambaji akusanye vitu vyake aondoke navyo, sisi tubaki tunafagia. Hao ni mbuzi watatu wanaojiheshimu. Jibu langu ni hapana, na nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatisha kabla sijafika kwenye karanga.

Usidhani ni ubahili tu. Ubahili upo, sikatai. Lakini unaikumbuka ile sendofu tuliyoalikwa mwaka juzi? Katikati ya kila meza paliwekwa chombo kirefu cha kioo kimejaa maua ya plastiki, na bibi yako akakaa jioni nzima anachungulia kushoto na kulia kumtafuta mdogo wake aliyekaa mbele yake. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Mwishowe akakibeba chombo kile akakiweka chini ya meza, MC akamtania kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukacheka. Bibi hakucheka. Na vitambaa vya meza vilikuja na madoa ya mchuzi wa sherehe ya watu wengine.

Kwa hiyo kabla hujanitajia rangi, weka kiwiko mezani, simamisha mkono, kunja ngumi. Hapo kwenye ngumi ndipo pambo linapoishia.

Turubai, viti na meza tutakodi, hapo sibishani. Vitambaa ni mashuka meupe: ninayo manne, mama yako mdogo anayo matatu, na moja nitaazima kwa jirani wa nyuma. Nitayatia bluu na kuyapiga pasi mwenyewe. Juu ya kila shuka utapita mkanda wa kitenge, katikati, urefu wote wa meza. Meza za kukodi ni za futi sita, nilikwenda nikazipima. Kitenge cha yadi sita nikikipasua kwa urefu napata vipande vitatu vya upana wa sentimita 38 hivi, na kila kipande nikikikata katikati napata mikanda miwili inayozidi meza na kuning'inia pande zote mbili. Kitenge kimoja, meza sita. Meza mbili zilizobaki nitaziungia vile vipande vilivyojaa kwenye gunia langu, maana fundi cherehani asiye na gunia la vipande bado ni mwanafunzi. Rangi chagua wewe. Nakuomba tu isiwe nyeupe na dhahabu kama kila mtu.

Sasa mishumaa. Usiniambie mishumaa ya dukani, ile ikikaa kwenye joto la Tabora inainama kama mtu anayesinzia kanisani. Tunatengeneza ya nta. Mjomba wako wa Sikonge anarina asali tangu hujazaliwa. Mizinga yake mingine bado ni ya magome, na mabwana nyuki wamechoka kumshauri aweke ya mbao. Masega yakishakamuliwa yeye huyachemsha na maji, anayachuja kwa kitambaa, nta inaelea juu na kuganda kama kipande cha sabuni ya mche. Nimemwagiza kilo mbili. Chupa ya jemu ukiijaza theluthi mbili inakula kama robo kilo, kwa hiyo kilo mbili ni chupa nane, kila meza yake.

Kuiyeyusha ndiko kwenye kazi, na nilijifunza kwa kuungua. Mara ya kwanza niliiweka sufuria ya nta moja kwa moja juu ya jiko la mkaa, akaja mteja kuchukua gauni, tukabishana kuhusu mikono yake, niliporudi jikoni nikakuta moshi na nta imekuwa ya kahawia. Bahati haikushika moto. Ikishika, mama, usimwage maji hata kidogo wala usiibebe sufuria ikiwaka, ifunike tu na uiache mpaka ipoe. Njia salama ni sufuria ndogo yenye nta ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, haihitaji hata maji yachemke kwa fujo. Huku inayeyuka, chupa ziwe juani au kwenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu nta ya moto ikiingia kwenye chupa baridi utasikia "ta!" na chupa imekwenda. Zilinipasukia mbili.

Utambi tunasuka wenyewe kwa uzi wa pamba, wa pamba kweli, maana huu wa nailoni unayeyuka na kunuka. Suka nyuzi tatu tatu mpaka upate unene wa njiti ya kiberiti. Ukiwa mwembamba unazama kwenye nta yake na kuzimika. Uchovye kwenye nta, unyooshe, uuache ukauke, halafu uufunge kwenye kalamu iliyolala juu ya mdomo wa chupa ili usimame katikati. Mimina taratibu. Ikianza kupoa itatitia katikati na kufanya shimo, kila nta ndivyo ilivyo, kwa hiyo bakiza kidogo ya kujazia. Halafu usiguse mpaka asubuhi. Nakujua wewe, utagusa.

Faida ya chupa ni kwamba upepo hauzimi, na mtoto akisukuma meza moto unabaki ndani. Na ile harufu ya asali jioni, nani anaipata kwa laki nne na nusu?

Karanga. Hapa naomba usicheke. Juzi nilinunua karanga za mia mbili pale stendi, mwanamke akanipa zimeviringishwa kwenye karatasi nyeupe, nikaishika ile karatasi nikasema, jamani, hii si shahada? Kweli, mama. Karanga za kuviringisha na cheti cha chuo ni umbo moja, tofauti ni utepe. Kwa hiyo kila mgeni atakuta mbele yake "shahada" yake, karatasi nyeupe imefungwa utepe mwekundu, na ndani kuna karanga. Kilo tatu zinatosha watu sitini, kila mmoja kiganja. Nitazikaanga kwa mchanga kama zamani. Karatasi ziwe safi zisizochapwa, maana wino unakamata mafuta. Na tusizifunge za moto. Zikifungwa za moto zinatoa jasho, karatasi inalowa, karanga zinalegea.

Mkono wako ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Darasa la tano ulikuwa unafunga hamsini kabla ya kengele, unaviringisha kwenye vidole viwili, unakunja kitako, unajaza, unafunga, huku unaimba jedwali la saba. Ile siku uliyorudi na sinia tupu bila hela ukasema nyani wamekunyang'anya njiani bado naikumbuka. Nyani, hapa Ng'ambo! Nilinyamaza kwa sababu shavu lako lilikuwa bado linatafuna.

Shahada hizi hatuzipangi kwenye sahani. Zitalala kwenye ungo katikati ya meza, zikizunguka chupa ya mshumaa, juu ya majani ya mwembe. Majani ya mwembe yakikatwa asubuhi yanafika usiku bila kunyauka, ndiyo maana nayapenda kuliko maua. Na kwa kuwa msimu umeingia, tutaweka maembe mawili matatu kwenye kila ungo, yanayoanza kuiva, ya njano na kijani. Hiyo ndiyo Tabora. Wageni watayabeba wakiondoka, na mimi ndicho ninachotaka, asubuhi nikute nyungo tupu.

Maua, kama lazima, yawe ya mkrismasi. Ule wa jirani wa nyuma umewaka mwekundu wote, na ameniruhusu, ila maua yake hayavumilii, kwa hiyo tutayakata saa nane mchana na kuyaweka kwenye maji papo hapo. Machache tu, kwa meza kuu. Maputo sitaki. Jua la saa tisa linayapasua moja moja na wazee wanashtuka.

Kofia ndogo za wahitimu nimeshajaribu moja. Kata mraba wa manila nyeusi, sentimita nane kila upande. Kichwa chake ni kifuniko cha chupa ya maji kilichozungushiwa kipande cha manila hiyohiyo, ukigundishe katikati upande wa chini. Juu shona kitufe cheusi, vitufe ninavyo kopo zima. Kishada unakipata kwa kuzungusha uzi kwenye vidole viwili mara ishirini, unafunga kichwa, unakata mkia. Tatu kwa kila meza, jumla ishirini na nne. Ya kwanza ilinichukua nusu saa na ilitoka kama paa la kibanda cha simu. Baba yako aliichukua akaivaa kwenye kidole gumba, hajairudisha.

Kuna jambo moja nimelifikiria usiku na sijamwambia mtu. Meza zisiwe na namba. Kila meza iwe na picha yako ya wakati fulani imeegemezwa kwenye chupa: chekechea, la kwanza (ile ya pengo, usinibishie), la saba, kidato cha nne, cha sita, mpaka joho. Wageni wakae kwenye picha ya wakati waliokufahamu. Yule mwalimu wako wa hisabati akae kidato cha nne na wenzako wa wakati ule, wenzako wa Dodoma wakae kwenye joho, na bibi akae chekechea maana ndiye aliyekuwa anakupeleka mgongoni. Picha zenyewe hazitoki kwenye albamu. Tutatoa kopi nyeusi na nyeupe pale sokoni.

Unasema wenzako wa chuo watapiga picha na kurusha. Waache warushe.

Ila kumbikumbi. Mvua ikinyesha mchana, jioni watatoka, na wakiiona taa watashukia pilau kama wamealikwa. Baba yako atafunga balbu kubwa moja kule kwenye uzio mbali na meza, chini yake beseni la maji, waende huko. Kwenye meza tubaki na mishumaa peke yake, mwanga wake ni mdogo. Bibi ameshasema beseni hilo ni lake, asubuhi atawakaanga.

Kwa hiyo usije Ijumaa. Njoo Jumatano. Jumatano usiku tunamimina nta, Alhamisi kofia, Ijumaa tunafunga karanga, wewe na mimi na mama yako mdogo, na redio. Mjomba nta ataileta Jumanne kwa basi la asubuhi.

Kutoka huko lete chupa. Waombe wenzako hosteli, za jemu, za kahawa, zozote za kioo zenye mdomo mpana, hapa nimepata tano tu. Zioshe huko huko na uzifungie kwenye nguo zako, maana ile treni ikifunga breki pale Manyoni kila kitu kinahama kiti. Manila usinunue, ipo. Utepe mwekundu lete mita kumi na tano, robo mita kwa kila shahada, pima mbele ya muuzaji.

Uzi wa vishada nimeshanunua, wa kung'aa, uko kwenye droo ya cherehani chini ya vibobini. Baba yako akikuuliza bei, mwambie nilikuwa nao siku nyingi.

Mama yako