Barua ya Wazi kwa Vijana Wetu Mlioingia Udruidi Huku Uingereza

Wanangu,

Nawasalimu nyote, mlio Bristol, mlio Swindon, na mlio mbali zaidi ambao tunaonana mara moja moja tu. Nimeamua kuandika hadharani badala ya kumwita kila mmoja pembeni, kwa sababu jambo lililonisukuma nimelisikia kwa zaidi ya mmoja wenu. Nina miaka ishirini na mitatu katika kundi letu la hapa Wiltshire, na mkinikasirikia nitavumilia.

Asubuhi ile ya siku iliyo ndefu kuliko zote, tulipokuwa tumesimama Avebury, penye duara la mawe makubwa ya kale, tukilingoja jua, nilimsikia mmoja wenu akiwaeleza wageni kwamba dini yetu ina miaka elfu tatu na kwamba mawe yale yalisimamishwa na Wadruidi, makuhani wa kale wa Uingereza na Gaul (Ufaransa ya leo). Wageni waliitikia kwa heshima. Mimi niliona haya. Mawe ya Avebury na ya Stonehenge yalisimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, karne nyingi kabla ya habari yoyote iliyoandikwa kuhusu Wadruidi. Waliotufunganisha nayo ni John Aubrey katika karne ya 17 na William Stukeley katika karne ya 18, watu waliokuwa na jicho kali la kuyatazama mawe lakini hawakuwa na njia ya kuujua umri wake.

Wadruidi wa kale hawakuyaandika mafundisho yao. Sehemu kubwa ya tunayoyajua imetoka kwa Warumi, yaani kwa watu waliokuja kuwashinda. Julius Caesar aliandika juu yao alipokuwa akiiteka Gaul; Pliny anamsimulia kuhani mwenye vazi jeupe akipanda mwaloni kukata kirukia kwa mundu wa dhahabu; Tacitus anaeleza jinsi jeshi lilivyovuka maji hadi kisiwa cha Anglesey, yapata mwaka 60, na kuifyeka misitu yao mitakatifu. Mimi mzaliwa wa Rabai siwezi kuisoma habari hiyo ya mwisho bila kuikumbuka Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama kwetu pwani ya Kenya, ambayo Waingereza waliilipua kwa baruti mwaka 1914 ili kuvunja upinzani wa Wagiriama. Tofauti ni kwamba wazee wa kaya walibaki hai, wakaendelea kufundisha, na leo yupo mtu wa kukwambia uvue viatu wapi na kwa nini. Kwa Wadruidi uzi ulikatika. Hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Tunachokifanya sisi ni kipya. Mwaka 1792 mwashi mmoja wa Glamorgan, Edward Williams, aliyejiita Iolo Morganwg, aliwakusanya malenga wa Wales juu ya Primrose Hill mjini London, akadai kwamba anaendeleza mila isiyokatika. Nyaraka nyingi alizozitoa kuwa ushahidi alikuwa amezibuni mwenyewe. Hata hivyo sala yake, ile inayoanza kwa kuomba ulinzi na kupanda ngazi kwa ngazi hadi kukipenda kila kilichopo, bado tunaisema katika mduara wetu, nami huisema kwa moyo wangu wote huku nikijua nani aliyeitunga. Jumuiya ya malenga, wabashiri na Wadruidi ambayo wengi wenu mnasoma kozi zake iliasisiwa na Ross Nichols mwaka 1964. Sikukuu zetu nane, kwa mpangilio tulio nao sasa, hazijatimiza karne moja. Yaani mimi na mzunguko huo wa mwaka tunakaribiana umri, na sijaona kwamba ujana wake umenipunguzia chochote.

Mtaniuliza kuna ubaya gani mtu akijiongezea miaka kidogo. Katika jumba la makumbusho la Avebury imo mifupa ya mtoto wa kale iliyochimbuliwa Windmill Hill. Mwaka 2006 baadhi ya Wadruidi waliomba azikwe tena, kwa hoja kwamba ni wa mababu zao. Wananchi wakaombwa maoni, na mwaka 2010 ikaamuliwa abaki alipo. Binafsi ningependa azikwe, maana mtoto ni mtoto. Lakini sikuweza kusema ni wangu, wala wao hawakuwa na haki ya kusema hivyo kuliko mkulima yeyote wa hapa. Linganisheni na vigango vya kwetu, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, vilivyoibwa na kuuzwa hadi vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani: kigango kina ukoo, kina marehemu aliyesimamishiwa, wapo watu wanaoonyesha kilipong'olewa. Anayedai undugu asio nao humharibia njia yule ambaye ndugu yake ameibwa kweli.

Kwa sababu hiyo hiyo nawaomba msiwaambie wazazi wenu kwamba Udruidi ni kaya ya Wazungu. Mnadhani mnawatuliza, lakini mama wa Kilifi anajua kwamba kaya haiingiwi kwa kujaza fomu na kulipia masomo yanayoletwa kwa posta. Akisikia kwamba usiku wa Samhain, mwishoni mwa Oktoba, mwanawe alisimama msituni akitaja majina ya marehemu, neno la kwanza litakalomjia ni uchawi, na akigundua baadaye kwamba ulimficha, neno hilo halitatoka tena. Mwambieni mlilofanya hasa: tuliwasha moto, tukamtaja babu kwa jina, tukaweka mkate, tukanyamaza, tukarudi nyumbani. Mwambieni pia kwamba katika mduara ule wapo Wakristo, wapo wenye miungu mingi, na wapo wasioamini mungu yeyote. Akikataa, amekataa jambo analolijua. Msibishane naye kwenye simu. Pigeni tena wiki ijayo kumjulia hali.

Kuhusu vitambaa mnavyovifunga mitini nitasema kidogo tu. Utepe wa nailoni hauozi, nao hulikaba tawi mwaka hadi mwaka. Mishumaa mnayoiacha ndani ya kaburi la kale la West Kennet inayaunguza mawe ambayo yamekaa pale miaka zaidi ya 5,000. Leteni maji ya kumwagia mzizi, au msilete kitu.

Tutakutana Septemba, usiku na mchana vitakapolingana. Njooni na viatu vya matope na mifuko ya taka, kwani wageni wa kiangazi watakuwa wameshaondoka na takataka zao zimebaki. Yule kijana aliyezungumza na wageni nimeshamwomba azungumze nao tena siku hiyo, aanzie mwaka 1792, na amekubali.

Ni mimi nyanya yenu,
Wiltshire